Sauti Yangu Ilipokwenda Kualika Bila Mimi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Najua ikilia mtaitazama, na sikulaumuni, maana mimi mwenyewe nimeishi kwa kupeleka maneno, na neno likifika mlangoni lazima mtu ainuke. Lakini nina jambo la kukuelezeni. Mnadhani neno lililotumwa na neno lililofika ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mimi hilo nalijua tangu mama zenu hawajazaliwa, na bado nilikosea, tena kwa dada yangu wa tumbo moja.

Skuli niliishia darasa la nne. Chuoni nikahitimu msahafu, basi. Kazi yangu ilikuwa kualika. Mtu akiwa na harusi au hitima au maulidi ya wanawake, mwenye shughuli ananiita, ananikalisha mkekani, ananitajia nyumba anazozitaka, moja moja. Siandiki. Kila nyumba naichukulia mbegu moja ya ukwaju, na mbegu zote nazifunga kwenye pembe ya kulia ya kanga yangu. Kisha navaa buibui natoka. Asubuhi nashinda vichochoroni, Kiponda, Malindi, Mkunazini, na jua likipungua navuka kuja Ng'ambo, nyumba kwa nyumba, mpaka Jang'ombe kwangu.

Mlangoni nasimama ubavuni, nisije nikamkuta mtu hajajisitiri. Napiga hodi. Kukiwa kimya nasubiri kadiri ya kusoma Alhamdu, napiga ya pili. Nasubiri tena, napiga ya tatu. Ya nne hakuna. Ya nne ni utovu wa adabu, kwa sababu mwenye nyumba ana haki yake ya kutofungua. Akitoka mtoto, namwambia kamwite mamako. Akinijibu mtu kwa juu dirishani, nangoja ateremke. Mwenyewe akija namwambia nimetumwa na fulani, anakusalimu, anakwambia Ijumaa ana shughuli na shughuli ni yako. Sibanduki pale mpaka aseme kwa kinywa chake, "Tumepokea." Hapo ndipo natoa mbegu moja kwenye pembe ya kulia naitia pembe ya kushoto. Mbegu zinazolala kulia jioni ndizo nyumba za kurudi kesho.

Miaka arobaini nimefanya hivyo, na hakuna mwanamke mji huu aliyepata kuniambia hakualikwa. Isipokuwa mmoja.

Dada yangu anakaa Kidichi, kwenye shamba tulilozaliwa. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, aliyenisuka nywele, aliyenitoa ndani siku ya harusi yangu. Nilipomuoza mwanangu wa mwisho, niliualika mji mzima, na siku ya kwenda Kidichi nikawa nimechoka. Nikasema yule ni wa ndani, haalikwi kama mgeni. Nikamtuma mtoto wa jirani aliyekuwa akipita njia hiyo. Dada hakuja. Baadaye akaniletea salamu kwa mtu: "Mji mzima umeupa miguu yako, mimi umenipa ya mtoto." Tukakaa miaka saba hatusemezani. Miaka saba, nyinyi mnaosoma, na yeye yuko mwendo wa nusu saa. Idi ya mwaka jana ndipo alipoanza yeye kupeleka mkono, akaniletea kikapu cha shokishoki bila ya neno, na mimi nikaenda kumbusu mkono. Hatukulizungumza. Tulikunywa chai.

Basi mkae mkijua hilo. Katika nyumba yetu bibi harusi hatoki ndani mpaka mwanamke mkubwa wa ukoo amsomee dua na kumfukiza udi. Mkubwa ni yeye. Mwaka huu alipotakiwa kuolewa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, nilijua kwamba harusi hii ndiyo itakayomrudisha dada au kumpoteza kabisa.

Mjukuu wangu anafanya kazi ya kompyuta. Si kuchapa barua, la. Anaziandikia maneno ya kuziambia zifanye nini. Goti langu lilikuwa limeshaanza kukataa ngazi za mji, naye akanijia jioni moja akasema, "Bibi, harusi hii utaalika ukiwa umekaa."

Nikamwambia bibi harusi kujialikia harusi yake mwenyewe sijapata kusikia. Akasema haaliki yeye, naalika mimi, yeye anatengeneza miguu tu. Akanieleza kwamba ameazima maktaba. Nikamuuliza vitabu vya nini. Akacheka, akasema hii si ya vitabu. Ni maandishi ya kompyuta waliyoyaandika watu wengine wakayaweka mahali, kila mwenye haja ayachukue. Yenyewe yanajua kutuma ujumbe na kuupokea. Kazi yake yeye ni kuyaambia likitokea hili, fanya lile.

"Kwa hiyo yanakaa yakichungulia," nikasema.

"Hayachungulii, bibi. Yanasubiri tukio. Mtu akijibu, hilo ni tukio. Simu isipopatikana, hilo ni tukio jengine. Na kila tukio nimelipa msikilizaji wake, likitokea yeye ndiye anayeinuka."

Nikamwambia hayo sikuyaona leo. Nyumbani kwetu Kidichi, nilipokuwa mdogo, kila sauti ilikuwa na mtu wake. Kengele ya baiskeli ya muuza samaki, anainuka mama. Mtoto akilia, anainuka dada. Hodi ya mwanamke ilikuwa yangu, kwa kuwa nilikuwa na miguu myepesi. Hodi ya mwanamume, sote tunanyamaza mpaka bibi ajitande. Hakuna aliyekaa mlangoni kutwa kuitazama njia. Kila mtu na kazi yake, na sauti yake ikija anaiacha anainuka.

"Bibi, ungefaa kazini kwetu," akasema.

"Kwenu hakuna anayeamka alfajiri," nikamwambia.

Tukaanza. Nikamtajia nyumba zote kichwani, mtaa kwa mtaa, yeye anaandika na namba za simu zao anazitafuta kwa binti zao. Wa kwanza kumtaja alikuwa dada. Kisha akanirikodi sauti. Wenye simu kubwa watapelekewa sauti yangu waisikilize. Wenye kitochi kama dada watapigiwa, wakipokea wanisikie nikiwaambia nimetumwa, na mwisho mtu abonyeze moja, ndiyo kusema tumepokea. Jogoo wa jirani aliwika katikati ya maneno, mjukuu wangu akataka turudie, nikamkataza. Nikipita mitaani majogoo huwika pia. Ya dada nilirikodi mbali, peke yake, ndani ina shikamoo, na jogoo akawika tena. Nilikuwa nimekusudia kwenda Kidichi mwenyewe. Lakini goti lilikuwa limevimba, na nikajiridhisha kwamba safari hii haendi mtoto, inakwenda sauti yangu. Nakuambieni kama lilivyokuwa. Nilijiridhisha.

Siku ya kuziachia hizo sauti, mjukuu wangu akauliza huku vidole viko juu ya kompyuta, "Mtu asipopokea nijaribu mara ngapi?"

"Tatu."

"Halafu?"

"Halafu unaondoka."

Akaandika. Nilijibu vile mtu anavyojibu akiulizwa jina lake, bila kufikiri.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Haukupita muda kompyuta ikaanza kulia ting, ting, kila anayejibu na ting yake. Mpaka adhuhuri mji mzima ulikuwa umeshapokea. Shangani wamepokea, Malindi wamepokea, na mwanamke mmoja wa Mkunazini akanipigia mwenyewe kuniuliza nimepataje kupanda ngazi zake bila ya yeye kunisikia. Niliwatambia majirani. Nikasema mnaona, nimekaa hapa nachambua mchele na huku niko kwenye milango ya watu. Ya dada sikuiuliza. Sauti imekwenda, nilisema. Wiki ya pili mjukuu wangu akawekwa ndani, somo yake, mwanamke anayemfunda, akamkataza kompyuta, ikawekwa pembeni ya chumba inalia mara moja moja, kisha ikanyamaza. Nikaona kazi imekwisha.

Jumatano ya wiki ya harusi akaja mwanamke anayetuletea maua kutoka Kidichi, jirani wa dada. Katua kikapu chake cha asumini na mrehani, kaniamkia, na huku anajipepea na ukingo wa kanga akasema bi mkubwa wa kule hamwoni kujitayarisha. Jana alimwambia waje pamoja Ijumaa gari moja, akajibiwa kwamba harusi hiyo yeye anaisikia kwa watu.

Nikamuuliza kwani hakupigiwa simu.

"Anasema kwake hakuna aliyebisha."

Nilimlipa maua yake nikamwacha anakunywa maji. Nikaingia ndani kwa bibi harusi.

Nilimkuta kalala chali, mikono kaiweka juu ya mito miwili, hina mbichi mpaka kwenye viwiko, na piko nyeusi ndiyo kwanza inaanza kuchorwa pembeni. Nikamwambia. Akataka kuinuka, somo yake akamkandamiza bega. "Ukigusa kitu tunaanza upya, na mimi sianzi upya."

"Bibi," mjukuu wangu akasema, "kaa pale. Utaandika wewe."

"Niandike nini, mimi?"

"Vidole unavyo."

Nikakaa. Yeye akawa ananielekeza kutoka pale kwenye mito, bonyeza hapa, sasa pale, teremka, mpaka orodha ikafunguka. Waliojibu walikuwa wengi, majina yao yote yana alama ya kijani. Kisha akaniambia nifungue walioachwa. Sikujua kama kuna walioachwa. Wa kwanza kabisa alikuwa dada.

Nikasoma kwa sauti. Jumamosi asubuhi, hodi ya kwanza, haipatikani. Baada ya dakika tano hodi ya pili, haipatikani. Dakika tano tena, ya tatu. Kisha pameandikwa: ameachwa. Haikutimia robo saa, na dada yangu keshaachwa. Msimu wa karafuu, saa hizo, mtu mzima wa Kidichi yuko shambani na kitochi kimezimwa nyumbani kutunza chaji. Chini yake wakafuata binamu zetu wanaochuma Kizimbani. Chini yao, jamaa wa kusini na mashariki, wale wanawake wanaolima mwani, ambao maji yakitoka wako pwani mpaka magotini na simu haiendi majini. Wa mjini wote wamealikwa. Wa shamba, karibu wote, hawajui kama tuna harusi.

"Uliniambia tatu halafu niondoke," mjukuu wangu akasema. Hakulisema kwa ubaya.

"Nilikwambia."

"Hukuniambia kurudi."

Hodi tatu ni adabu ya mlango mmoja kwa wakati mmoja. Kurudi kesho ndiyo kualika kwenyewe. Hilo la pili sikulisema kwa sababu hakuna mtu wa rika langu asiyelijua, na nilimjibu mtoto wa watu wa siku hizi na mashine isiyojua kitu kana kwamba nazungumza na mwenzangu. Nikamweleza habari ya mbegu za ukwaju, kulia na kushoto. Alisikiliza huku anatazama dari.

"Bibi," akasema mwisho, "mashine yangu ina pembe moja tu ya kanga."

Basi tukaishonea ya pili. Alinitajia herufi kwa herufi, nukta, mabano, fungua, funga, na mimi kwa kidole kimoja naandika. Nikiacha nafasi pasipotakiwa, mstari mwekundu unatokea chini ya neno, na somo anaguna kana kwamba anaelewa. Mimi nimesahihishwa na maalim kwa bakora chuoni, mstari mwekundu hauniumizi. Tuliandika hivi, kwa maana yake: asiyejibu hodi tatu asiachwe, atiwe pembe ya kulia. Kesho yake baada ya sala ya alasiri arudiwe, tatu tena, na kesho kutwa pia. Na ikishindikana siku zote hizo, yule msikilizaji wa mwisho ni mimi. Nipigiwe simu yangu niambiwe nyumba fulani haijajibu, nenda mwenyewe.

Tukaijaribu kwa simu yangu. Nikaizima. Ikabisha tatu, ikanyamaza, jina langu likahamia kulia. Nikaiwasha, akanielekeza niiambie alasiri imefika, simu ikalia mkononi mwangu na mimi nikajisikia mwenyewe nikijialika. Nikabonyeza moja. Ting. Jina likaenda kushoto.

"Imekubali," nikasema.

"Umeandika wewe," mjukuu wangu akaniambia, na somo akampiga kofi la paja kwa kuwa alitikisa mkono wenye hina.

Alasiri ile ile ya Jumatano mashine ikazianza zile nyumba zilizoachwa. Kizimbani wakajibu. Wa mwani wakajibu mmoja baada ya mwengine, wametoka pwani wameshika simu zao. Ting, ting, mpaka magharibi. Dada, kimya. Nikachukua mbegu moja ya ukwaju jikoni, nikaifunga pembe ya kulia ya kanga niliyovaa. Alhamisi baada ya adhuhuri nikamwomba jirani mwenye gari anipeleke Kidichi. Binti yangu akasema goti lako, mama. Nikamwambia goti ni langu.

Pale nyumbani tulipozaliwa uwanja ulikuwa umetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa, nyengine zimeshakuwa nyeusi na nyengine bado zina rangi ya waridi. Ndani nilisikia mbuzi ya nazi inakuna. Nikasimama ubavuni mwa mlango, nikapiga hodi. Mbuzi ikanyamaza. Nikasoma Alhamdu, taratibu, nikapiga ya pili. Kimya. Nikapiga ya tatu. Mbuzi ya nazi ikaanza kukuna upya.

Alikuwa amenisikia, basi. Nikarudi nyuma.

Jirani aliyenileta akauliza tuondoke. Nikamwambia yeye aende akaswali alasiri ikifika, mimi nitakaa. Nikakaa kwenye ukingo wa jamvi, sikubisha tena, sikuita, sikukohoa. Jua lilikuwa limehama, nikaanza kuzigeuza karafuu zake kwa mkono kama alivyonifundisha mwenyewe, za chini zije juu. Nilikaa hivyo mpaka adhana, na mbuzi ilikuwa imeshanyamaza zamani.

Nilikuwa nimeshaswali pale pale, nimekaa kwa sababu ya goti, tone la mvua likaniangukia mkononi. Halafu jengine. Nyinyi mliozaliwa mjini hamjui, lakini mvua juu ya karafuu zilizoanikwa haimwachi mtu ndani, awe na hasira awe na homa. Mlango ukafunguka kwa kishindo, dada akatoka mbio na umri wake ule, kashika ncha ya jamvi upande wa pili. Hakunitazama. Tukakunja pamoja, moja, la pili, la tatu, tunayaburura mpaka ukumbini. La mwisho lilikuwa kubwa. Yeye akavuka kizingiti kwa nyuma akilivuta, mimi nikafika kizingitini nikasimama. Mvua inanipiga mgongoni, jamvi nimelishika.

"Ingiza," akasema. "Unasubiri nini?"

"Sijaambiwa karibu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Piga hodi basi."

"Nshapiga tatu."

"Hizo za mchana. Saa hizi ni alasiri."

Nikapiga hodi. Alikaa kidogo, makusudi, karafuu zinalowa kwenye ncha yangu na yeye anaona.

"Karibu," akasema.

Niliingia, nikamwamkia, nikambusu mkono. Aliitikia marahaba kwa ncha ya ulimi. Akanipa kanga kavu. Nikamweleza yote bila ya kujipunguzia: mashine, hodi tatu za robo saa, kwamba mimi ndiye niliyesema iondoke. Aliniacha nimalize, kisha akasema mara ya kwanza nilimpelekea miguu ya mtoto, mara hii sikumpelekea hata miguu. Nikamwambia ni kweli.

Kitochi chake kilikuwa juu ya kabati. Alikuwa amekiwasha kujua saa ya sala. Kikalia. Mimi nilikuwa nimeshasahau kama leo alasiri ni zamu ya kurudi. Akapokea, akakiweka sikioni, na kwa ukimya wa chumba kile nikajisikia mimi mwenyewe, kidogo kama niko ndani ya kopo: hodi hodi, shikamoo dada, nimetumwa, na nimejituma. Dada akasimama wima. Akasikiliza mpaka mwisho, jogoo na yote. Ile sauti ilipomwamkia alikuwa ameitikia marahaba, ya kweli, kwa kinywa kizima.

Akakitoa kitochi sikioni akakitazama. "Huyu ana adabu kuliko wewe. Kaniamkia kabla ya kueleza shida yake."

"Ni mimi huyo, dada."

"Wewe huyu ulikuja unashika karafuu zangu bila ruhusa."

"Anataka ubonyeze moja."

"Kwa nini?"

"Ndiyo kusema umepokea. Bila hivyo hajui."

"Nshamwitikia mimi."

"Yeye hasikii. Mpaka ubonyeze."

Kidole chake gumba kilikaa juu ya ile namba. Nilikiona. Kisha simu ikajikatia yenyewe, maana tuliiandikia kungoja muda wake tu. Dada akakirudisha kitochi juu ya kabati.

"Nikitaka kubonyeza nitabonyeza," akasema. "Sijasema nitakuja."

Akanipa chai ya mdalasini. Nikanywa, nikaaga. Garini mjukuu wangu akanipigia, somo kamshikia simu sikioni, akaniambia nyumba zote za kulia zimehamia kushoto isipokuwa moja. Nikamwambia najua ni ipi.

Ijumaa nyumba yangu ilifurika. Siku ya harusi mlango hufunguliwa wazi tangu asubuhi na watu huingia tu, hakuna anayebisha na hakuna anayejibu. Wa mjini walikuwapo, wa Kizimbani wamekuja na harufu ya karafuu vidoleni, wa mwani wamekaa pamoja pembeni wanacheka peke yao. Wanaume walikuwa wameshaondoka kwenda msikitini. Bibi harusi ndani kapambwa, hina imekolea vizuri sana, makaa yako kwenye chetezo na udi uko pembeni haujatiwa. Binti yangu alikuja mara mbili kuniuliza sikioni, mama, nani atamfukiza. Wakubwa walikuwapo, ningeweza kumwita yeyote. Ningeweza kufukiza mimi. Nilimwambia ayapepee makaa yasizimike.

Nilikuwa nimekaa ukumbini, nimeshika pembe ya kulia ya kanga. Mbegu ilikuwa moja, naisikia kwa kidole.

Hapo mlangoni, kwenye mlango ulio wazi watu wanapita, mtu akapiga hodi. Alikuwa amesimama ubavuni, haonekani, ila ncha ya buibui na kikapu. Wanawake wote walio karibu wakageuka kwa pamoja, vinywa vimeshafunguka, na binti yangu alikuwa keshapiga hatua mbili. Nikainua mkono nikawaambia:

"Asijibu mtu. Kaeni mlipo, hodi hiyo ni yangu."